Mama Ubao na Chaki Moja

Mimi ni mtu wa bahati, na nianze na hilo ili lisije likatusumbua mbele ya safari. Jarida letu la wafanyakazi lilipotafuta mtu wa kuandika wasifu wa Mama Ubao, hospitali nzima iliitaka kazi hiyo: madaktari, wahasibu, hadi yule bwana wa mochwari ambaye hatujawahi kumsikia akisema lolote zaidi ya "mlango". Ikabidi ipigwe kura. Vikaratasi vikatiwa kwenye kofia, mkono ukaingia, ukatoka na nani? Na mimi, dereva wa gari la wagonjwa. Sikushangaa. Mimi na bahati tumenyonya ziwa moja. Nimeendesha magari katika nchi nne, nimepakia mabalozi na mabondia, nimelala katika hoteli yenye mito mitano juu ya kitanda kimoja, na kila nilipofika nilikuta bahati imenitangulia, inanifutia kiti vumbi.

Basi tuanze. Mama Ubao, fundi wetu mkubwa wa programu na mkuu wa zamani wa chumba cha kompyuta, anastaafu Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya kuitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na moja. Habari hiyo ilinikuta naosha gari. Mpira wa maji uliniponyoka mkononi, ukamlowesha mhasibu aliyekuwa anapita na suti yake mpya, na wala sikumwomba radhi, kwa kuwa kinywa kilikuwa wazi na hakikutaka kufunga. Mama Ubao astaafu? Ni kama kuambiwa kwamba ngazi za kwenda ghorofani zimeacha kazi.

Nina mshtuko mwingine, wa zamani, nao wengi wenu mnaujua ingawa mkiniona mnanyamaza. Mwanamke huyu ninayemsifu leo ndiye ambaye kosa lake lilikaribia kumpeleka mke wangu kaburini. Mtalisoma humu humu, kwenye karatasi ya sherehe. Yeye mwenyewe aliniambia, "Mdogo wangu, ukiniandika bila siku ile, utakuwa umemwandika mtu mwingine."

Alipoajiriwa alikuwa msichana mwembamba na mfupi. Unene umekuja, urefu haukuja. Hadi leo akiketi nyuma ya meza yake unadhani kompyuta inajiendesha. Wakati huo hospitali ilikuwa na kompyuta moja kubwa, imepewa chumba chenye kiyoyozi huku sisi binadamu tukijipepea kwa magazeti. Ndani yake ziliishi programu nyingi: ya mapokezi, ya maabara, ya famasi, ya chumba cha upasuaji. Ziliishi nyumba moja na hazikujuana hata kwa salamu.

Alinieleza jambo hilo tukiwa kwenye foleni ya chai, na maelezo niliyoyaelewa mimi hata gurudumu lingeyaelewa. "Kila programu ni mpangaji," alisema. "Kompyuta ni mwenye nyumba mkali. Kampa kila mpangaji chumba na kufuli, na kuchungulia kwa jirani ni marufuku. Ni jambo jema, maana mmoja akichoma godoro lake wenzake hawaungui. Lakini ukiishiwa chumvi je?"

Chumvi ni habari za wagonjwa. Maabara walipima damu, majibu yakaingia kwenye programu yao. Karani akayasoma kwenye skrini, akayaandika kwa kalamu, akayafungulia programu ya upasuaji, akayachapa upya, kwenye kompyuta ile ile! Nilipoambiwa nilidhani natiwa chumvi mimi. Ni sawa na mtu kutoka sebuleni, kuzunguka mtaa mzima na kupiga hodi ili aingie jikoni kwake.

Mama Ubao alianza kwa kuzifundisha programu zipenyezeane vikaratasi chini ya mlango. Moja iliandika faili, nyingine ikapita kila baada ya muda kulitazama. Ilifaa, ila ilikawia. Ndipo akaleta ubao. Akaifanya kompyuta itenge sehemu moja ya kumbukumbu yake iwe kama ukuta wa ukumbini: kila programu iuone, kila programu iandike. Majibu yakitoka maabara, famasi inayaona papo hapo. Najua wataalamu watasema mbinu hiyo ipo dunia nzima. Sawa. Hata chai ipo dunia nzima, lakini mnajua wenyewe ya nani inanyweka.

Akahitaji na sauti ya kuwaita wagonjwa kwenye vipaza sauti. Alisikiliza watu wengi, akanichagua mimi. Nilisoma namba zote, vyumba vyote na maelekezo yote ya dawa, naye akavikata vipande ili programu ivipange itakavyo. Kwa hiyo sauti inayowaita watu hadi leo, ile nzito yenye asali, ni yangu. Wapo waliopona kwa kuisikia tu.

Wiki ya kwanza ya ubao, programu ya mapokezi na ile ya famasi ziliandika mahali pamoja kwa wakati mmoja, moja juu ya nyingine, na sauti yangu tukufu ikatangazia hospitali nzima: "Mgonjwa namba arobaini, nenda chumba cha meno, kunywa kutwa mara tatu." Namba arobaini alikuwa mzee mwenye ngiri. Mtu mtiifu, akaenda, akaketi, akapanua kinywa. Daktari wa meno akamuuliza, "Mzee wangu, lipi linauma?" Mzee akaonyesha chini ya mkanda. Daktari akaweka koleo mezani. "Huko mimi sifiki, baba."

Tulicheka hadi mbavu zikauma. Mama Ubao hakucheka. Kesho yake alitundika ubao wa kweli, wa mbao, kwenye ukumbi wa chumba cha kompyuta, wa kuandikia zamu na matangazo yetu. Chini yake akaweka kopo lenye chaki moja tu. Sheria yake ilikuwa hii: haandiki mtu bila kushika chaki, na hasomi mtu bila kushika chaki. Ndani ya kompyuta alifanya vivyo hivyo. Ubao ukapewa ufunguo mmoja, na programu isiyokuwa nao ingoje nje hadi mwenzake aumalize na kuurudisha.

"Kuandika nimekubali," nilimwambia, "lakini kusoma? Macho yangu hayatoi vumbi, Mama. Chaki ya nini?"

"Ukisoma mwenzio hajamaliza kuandika, utasoma nusu ya leo na nusu ya jana. Na nusu mbili hizo, mdogo wangu, zikikaa pamoja zinafanana sana na kitu kizima."

Hapo ndipo jina la Mama Ubao lilipomganda. Tukazoea. Mgeni akifika ukumbini alishangaa kuona watu wazima wamejipanga, wa mbele kashika chaki, anasoma zamu yake kwa midomo, kisha anampa wa nyuma. Muuza vifaa mmoja aliuliza kama ni aina ya maombi.

Miaka ikapita, hospitali ikapanuka, programu zikaongezeka, na ufunguo ule mmoja ukawa unagombewa. Madaktari wa upasuaji wakaanza kunung'unika. Mmoja alisema skrini inafunguka kama bibi anayetafuta miwani huku ameivaa. Mama Ubao akafikiri, akapima, kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemshurutisha. Aliiruhusu programu ya upasuaji isome ubao bila ufunguo. Hesabu yake ilikuwa kwamba kuandika jibu kunachukua muda mdogo kuliko kupepesa jicho, na nani atafika katikati ya kupepesa? Skrini zikawa zinafunguka kabla kidole hakijainuka. Madaktari wakampigia makofi. Kule ukumbini sisi tuliendelea kushika chaki kwa adabu zote, na ndani ya kompyuta chaki ilikuwa imekwisha kutupwa.

Sasa siku ile. Mke wangu aliingizwa chumba cha upasuaji asubuhi kujifungua mtoto wetu wa pili. Mimi nilikuwa zamuni, gari nimeliegesha, nazunguka mlangoni nikiwasimulia wahudumu jinsi mtoto wa kwanza alivyozaliwa akiwa ananicheka. Mara mlango ukafunguka, akatokea Sista Mkuu, yule mkubwa wa wauguzi wa upasuaji, na uso wake haukuwa ule tunaoujua.

"Dereva! Damu inamtoka mkeo. Kakimbilie benki ya damu, mifuko miwili, kundi A. Sasa hivi!"

Mtaniuliza kama sikujua kundi la damu la mke wangu. Najua saizi ya matairi ya magari yote saba ya hospitali hii, ya mbele na ya nyuma. La mke wangu sikulijua. Nikakimbia. Nilivuka uwanja, nikapita chumba cha kufulia mashuka, nikafika. Kule nao walitazama skrini, wakaona ombi lililotoka kwenye skrini ya upasuaji, kundi A. Kwa kawaida damu hujaribiwa kwanza na ya mgonjwa, lakini haraka ile haikuacha nafasi. Nikapewa mifuko. Nilirudi nimeikumbatia kifuani, ubaridi wake unapenya shati, na ninakiri kwamba nilijiona shujaa.

Kilichokuwa kimetokea ni hiki. Kompyuta ni moja na programu ni nyingi, kwa hiyo huzigawia zamu, kila moja kipande kidogo mno cha muda. Programu ya maabara iliandika ubaoni jina la mke wangu. Kabla haijaandika kundi la damu, zamu yake ikaisha, mwenye nyumba akaiambia pisha wenzako. Katika mwanya huo, ambao hata unywele usingepita, Sista alifungua ukurasa. Programu ya upasuaji, ambayo haikuwa na ufunguo wa kuusubiri, ikasoma ilichokikuta: jina la mke wangu, na kundi la mgonjwa aliyemtangulia. Kufumba na kufumbua maabara ikamalizia kuandika, ubao ukawa sahihi, lakini skrini ikishasoma haisomi tena mpaka uifunge na kuifungua upya.

Mfuko ukatundikwa. Mpira ukaunganishwa. Sista alikuwa ameshashika kibanio cha kuachia damu ndipo daktari wa usingizi akauliza kama mgonjwa ana dawa inayomdhuru. Sista akaufunga ukurasa, akaufungua, atafute jibu. Mimi nilikuwa nje ya mlango, na kelele niliyoisikia niliidhania ya msiba.

"Imebadilika! Imebadilika mbele ya macho yangu! Sasa inasema O!"

"Ipi ya kweli?" Sauti ya daktari.

"Sijui! Mungu wangu, sijui!"

Nilikaa chini ukutani. Mikono yangu ilikuwa bado baridi kwa ule mfuko.

Waliita chumba cha kompyuta. Mama Ubao alifika mbio, kiatu kimoja mguuni, kingine sijui alikiacha ngazi gani. Hakuomba kuiona skrini. Alisimama mlangoni, akasikia neno moja tu, "imebadilika", na nikamwona rangi inamtoka usoni.

"Msiamini skrini yoyote. Pigeni simu maabara, wapime upya kile kichupa chake, na wawaambie kwa mdomo. Kwa mdomo!"

Maabara wakapima. O. Nikakimbia tena, na safari hii nilimuuliza mtu wa benki ya damu mara nyingi kiasi kwamba alinisukuma. Damu sahihi ikaingia. Mke wangu akapona. Mtoto akazaliwa, wa kike, na kelele zake zilishinda zile za Sista.

Tulipoambiwa wote wawili ni wazima, Mama Ubao alikuja akaketi sakafuni karibu yangu.

"Ni mimi," akasema.

"Ni wewe nini?"

"Niliiruhusu programu ya upasuaji isome bila ufunguo. Nilitaka skrini ziwe na kasi. Nilijua hatari yake, nikaihesabu kuwa ndogo."

Nilimtazama. Kisha nikasema neno moja, ambalo mhariri amelikata.

Alasiri Mkurugenzi wa wakati huo alimwita ofisini, na katibu wake, ambaye masikio yake hayana mlango, alituhadithia. "Mama, tutasema umeme ulicheza," Mkurugenzi alimwambia. "Umeme hauna watoto wala heshima ya kupoteza. Nenda nyumbani ukapumzike." Mama Ubao alitoka. Alikwenda moja kwa moja ukumbini, akafuta zamu zetu zote, akashika chaki, akaandika kwa herufi kubwa: *Niliondoa ufunguo wa kusoma. Nilijua hatari yake. Leo mama mmoja alikaribia kufa. Si umeme. Ni mimi.* Akairudisha chaki kwenye kopo, akasimama kando.

Wallahi, nimeona mengi duniani, lakini sikuwahi kuona kilichofuata. Hakuna aliyesoma kwa mbali. Foleni ilijipanga yenyewe, ikatoka ukumbini hadi uwanjani. Kila mtu alifika, akashika chaki, akasoma, akampa wa nyuma yake. Wapishi. Wafua mashuka. Wale madaktari waliopiga makofi, vichwa chini. Sista Mkuu alisoma huku machozi yanamdondoka kwenye sare. Mkurugenzi naye akaja, akaichukua chaki, akasoma, akabaki ameishika tu, hadi mfagiaji akamwambia, "Bosi, wengine tunasubiri."

Nami nilisubiri zamu yangu. Nilipoishika chaki ile ilikuwa na jasho la hospitali nzima.

Alivuliwa ukuu wa chumba cha kompyuta, na hajarudishiwa hadi leo. Sisemi walikosea. Yeye pia hakusema. Alihama meza, akakaa kwenye kona, akaendelea na kazi.

Siku ya tatu mke wangu alimtaka. Nilimleta wodini mwenyewe, nikiwa sijui nitashika mikono ya nani ikitokea vurugu. Mke wangu akamtazama kuanzia utosini hadi viatuni, safari ambayo haikuchukua muda.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Huyu ndiye alitaka kuniua? Mbona mfupi hivi?"

Mama Ubao akapasuka, kilio na kicheko pamoja, bega linatikisika, hata hatukujua kipi ni kipi.

"Usinililie juu ya mshono, dada," mke wangu akasema. "Niambie jambo moja. Ule ufunguo umeurudisha?"

"Kabla sijavaa kiatu cha pili."

"Basi mshike mtoto. Mkono wangu umechoka."

Skrini zikarudia uzee wake, na safari hii hakunung'unika mtu. Yeye ndiye hakuridhika. Alikaa kwenye ile kona kwa miezi mingi, na alichokitoa ndicho kitakachobaki baada yake. Sasa ubao wetu una kurasa mbili. Programu inayoandika huandikia ukurasa uliofunikwa, taratibu, hata ikinyang'anywa zamu katikati. Ikimaliza kila kitu, jina na kundi na vyote, ndipo ukurasa unageuzwa mara moja, kwa tendo lisilokatika katikati. Anayesoma hukuta ukurasa mzima wa kabla au ukurasa mzima wa sasa. Nusu haipo tena. Na skrini zina kasi kuliko zile za makofi. Alipoiwasha mara ya kwanza alimwita Sista Mkuu afungue na kufunga ukurasa mmoja mchana kutwa, akitafuta ule mwanya wa kupepesa jicho. Sista alifungua hadi kidole kikavimba. Hakikubadilika kitu.

Mafanikio mengine ni mengi, na mhariri amenionyesha mkasi. Amewafundisha mafundi wote waliopo chumba cha kompyuta. Amekataa kuhamia hospitali kubwa mara kadhaa. Ametengeneza mizani ya wodi ya watoto kwa kisu cha mezani. Na kila fundi mpya anapoanza kazi, Mama Ubao humsimulia siku ile mwenyewe, yote, bila kujipaka manukato, kisha humuuliza: "Wewe utaondoa nini ili wakupigie makofi?"

Mama Ubao, asante. Asante kwa programu ulizozipatanisha katika nyumba moja, na kwa kuyaweka wazi mabaya yako mahali ambapo kila mtu angeweza kuyashika. Nenda kapumzike, ulale mchana, uwasumbue wajukuu, uote jua bila kuhesabu zamu ya mtu. Sisi wote wa hospitali hii tunakuombea siku ndefu zenye afya na nyumba yenye vicheko, na binti yetu anakuja Ijumaa kukubebea mizigo. Amekupita urefu, lakini hilo si habari.

Mke wangu alisema wengine wakikuandika watairuka siku ile, na kweli walioombwa kuandika walikuwa watatu tu, na wote walikataa kwa kutojua waiweke wapi. Kura niliyojisifia haikupigwa, na kofia haikuwepo. Nilikwenda kwa mhariri mwenyewe kuomba nikuandike, akanikatalia mara mbili.